Azimio la Kumtenga Fundi wa Mapipa wa Hadlock

Kwa niaba ya Kamati ya Usalama, Ukaguzi na Uhuru ya mji wa Hadlock, koloni la Massachusetts, natangaza kwa fahari kubwa kwamba katika harakati zote za kumpinga Mfalme wa Uingereza hakuna mji uliofuata utaratibu kuliko wetu. Miji mingine ilipigana. Sisi tulikaa vikao sitini na kimoja ndani ya mwaka mmoja, na mihtasari yote ninayo, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Naitwa Eliphalet Crane, karani wa kamati. Wajumbe tulikuwa watano: mwenyekiti wetu Shemasi Peleg Sturtevant, msagaji mwenye kinu cha maji, mwenye nyumba ya wageni, bwana mmoja wa mashamba makubwa ambaye kazi yake kikaoni ilikuwa kuunga mkono hoja, na mimi. Tulichaguliwa kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na muda.

Mwaka ule chai ilikuwa imepigwa marufuku, maana kila kikombe kilimtia Mfalme nguvu. Kamati ilinipa kazi ya kukagua mabirika, nami nikayanusa arobaini na matatu kwa siku mbili. Bi Submit Orcutt, mkunga wetu, mjane wa miaka themanini na ushee, alinisogezea birika lake puani bila hata kuinuka kitini.

"Nusa, Karani, nusa," alisema. "Ni mnanaa huo. Pua unayo, tena ya kutosha mji mzima."

Niliandika kwamba raia alitoa ushirikiano.

Sasa nije kwenye suala la baruti, ambalo watu wengi wamelisimulia ovyo. Februari ya mwaka 1775, miji jirani ilituletea mapipa kumi na moja ya baruti tuyahifadhi, nasi tukayapandisha kwenye dari ya jumba la mikutano, pale pale tunaposali Jumapili. Punde zikaja habari kwamba askari wa Mfalme wanatoka Boston na kupita mji kwa mji wakisaka baruti. Kamati ikakaa dharura, siku tatu mfululizo, ikakubaliana kwamba mapipa yahamishwe na kupelekwa mahali pa siri.

Ila sheria ni sheria. Kwetu, mali ya mji haihamishwi bila mkutano wa mji, na mkutano wa mji haukai mpaka tangazo lenye ajenda zake zote libandikwe kwenye mlango wa jumba kwa siku kumi na nne, kila raia asome. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na tunapigana na Mfalme kwa sababu hiyo hiyo: asituharibie utaratibu. Basi nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu bora. Ajenda ya kwanza: je, mji unaridhia mapipa kumi na moja ya baruti yaliyomo darini humu yahamishiwe mahali pa SIRI? Ajenda ya pili: kuchagua mahali hapo pa SIRI, kati ya banda la Shemasi, chini ya sakafu ya kinu, na kisima cha uwanjani. Ajenda ya tatu: kuwakumbusha wananchi wasimwambie mtu.

Gundi haijakauka, akatokea Asahel Dunning, fundi wa mapipa, mtu mrefu, mkimya, mikono imejaa makovu ya hupu, zile pete za chuma za kufungia mapipa. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Bwana Karani, huu ni utani?"

"Utani wa nini? Ni tangazo."

"Barabara ya Boston inapita hapa hapa mlangoni. Hatua sita, nimezihesabu."

"Ndiyo maana nimeandika SIRI kwa herufi kubwa," nilimjibu kwa upole. "Na nimeipigia mstari mara mbili."

"Na hao askari wakija kabla ya siku kumi na nne?"

"Watakuwa wamewahi mno. Mkutano utakuwa haujakaa, kwa hiyo hata wao hawatajua tumeamua nini."

"Loo," alisema, akaenda zake. Nilidhani nimemridhisha.

Askari walifika siku ya tisa, sitini kwa hesabu yangu, makoti mekundu na vifungo vinang'aa. Ofisa wao alikuwa kijana mwenye adabu sana. Alisoma tangazo, akavua glavu, akalinakili lote kwenye kijitabu chake. Halafu akapandisha watu darini. Wakashuka na vumbi na manyoya ya njiwa. Wakaenda banda la Shemasi, wakang'oa mlango. Wakaenda kinuni, wakafumua sakafu. Wakateremsha watu wawili kisimani kwa kamba, na mmoja akapanda juu akipiga chafya. Walifuata ajenda ya pili hatua kwa hatua, na nakiri kwamba kama karani nilijisikia vizuri.

Mwisho ofisa alichoka, akaingia karakana ya Asahel, ambako mapipa yalikuwa yamejaa mpaka nje, mengine matupu, mengine ya samaki wa chumvi. Akakaa juu ya pipa moja, akatoa kiko chake na kisanduku cha kuwashia moto.

"Afande," Asahel akamwambia, "nakuomba sana, uvutie huko barabarani. Mke wangu ana mimba, moshi unamchefua."

Ofisa akaomba radhi, akatoka. Baada ya saa moja walikuwa wanarudi Boston mikono mitupu, na yule mmoja bado anapiga chafya.

Wananchi walipogundua kwamba jioni ile ile ya tangazo Asahel alikwishateremsha mapipa yote kumi na moja peke yake, akayafungua, akaweka samaki juu na baruti chini, walicheka mpaka wakakaa chini. Mji usiokuwa na uongozi ungeishia kwenye kicheko. Sisi tuliitisha kikao.

Asahel aliitwa siku ya tatu yake, na jumba likafurika. Shemasi Peleg alikuwa hajalala vizuri, maana banda halikuwa na mlango na ng'ombe walipigwa baridi.

"Fundi Dunning," alianza, "nani alikuruhusu kuokoa baruti?"

"Hakuna, Shemasi."

"Hakuna! Andika, Karani. Kulikuwa na mkutano?"

"Hata askari walipofika, ulikuwa bado siku tano."

"Kwa hiyo unakiri umeiokoa kinyume cha utaratibu."

"Nimeiokoa, basi. Hizo nyingine sizijui."

"Na sasa iko wapi?"

"Nimeihamisha tena."

"Wapi?"

"Nikikuambia, utabandika mlangoni."

Jumba zima liliangua kicheko, na uso wa Shemasi ukawa mwekundu kuliko makoti ya askari. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu anaweza kumsamehe mwenzake kosa, lakini kuchekwa mbele ya mkewe, kwenye kiti cha mwenyekiti, ni jambo jingine. Alisimama, akapendekeza Asahel Dunning atangazwe Adui wa Nchi. Bwana wa mashamba akaunga mkono hoja.

Kicheko kilikatika ghafla. Kila mtu mle ndani alijua maana ya neno lile. Aliyeitwa hivyo mjini kwetu hakuuziwa unga, hakununuliwa kazi yake, hakuitikiwa barabarani. Kuna familia mbili zilizowahi kuitwa hivyo, na zote zilihama na mikokoteni wakati wa theluji.

Asahel alishika ukingo wa benchi. "Shemasi, nifunge," alisema. "Nichape viboko hapo uwanjani, sitasema neno. Jina hilo usinipe. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Huyo mtoto atakuja kuitwa nani?"

"Ungefikiri hayo kabla ya kugusa mali ya mji," alisema Shemasi.

Niliandika azimio palepale. Kifungu cha kwanza: mtu yeyote asinunue, asiuze, asisalimie wala asiingie nyumbani kwa Asahel Dunning, Adui wa Nchi. Kifungu cha pili: atakayefanya hivyo naye ni Adui wa Nchi, na atakayeshirikiana naye vilevile. Kifungu cha tatu: majina yao yabandikwe. Kifungu cha nne, ambacho kilikuwa wazo langu: ushahidi wa adui haupokelewi katika shauri lolote. Nilipoandika jina lake nilidondosha doa. Wino wa msimu ule ulikuwa mbaya.

Kwa wiki tatu azimio lilifanya kazi vizuri kupita matarajio. Watu walivuka upande wa pili wa barabara wakimwona. Lydia, mkewe, alipokwenda kisimani, wanawake walijitia wanafunga kamba za viatu mpaka aondoke. Nyundo ya Asahel ilikuwa inagonga tangu asubuhi, akitengeneza mapipa ambayo hakuna wa kuyanunua, halafu siku moja ikanyamaza. Nilipita karakana yake, nikamwona amekaa juu ya gogo, mikono magotini, na nusura nimsalimie kwa mazoea. Nilijizuia.

Kilichofuata kamati haikukitarajia, kwa sababu kamati haikuwa na mwanamke hata mmoja. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, majirani wake wanakuja wote. Haiitishwi, haipigiwi kura. Mwezi Aprili ulipoanza, Asahel alitoka barabarani asubuhi bila koti, akasimama tu. Hakugonga mlango wa mtu. Bi Submit Orcutt alimwona kutoka dirishani, akabeba mfuko wake wa ukunga, akaanza kuvuka barabara. Nilimwahi katikati.

"Bi Submit, kifungu cha kwanza."

"Pisha."

"Utakuwa Adui wa Nchi!"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuvuta miguu ulipotanguliza matako duniani. Nikawa na shaka na wewe tangu siku hiyo. Pisha nipite."

Nyuma yake akatoka jirani wa kushoto, halafu wa kulia, halafu Bi Keziah Sturtevant, mke wa Shemasi, na mtungi wa bia na keki chini ya shuka. Waliingia wanawake kumi na wanne. Jioni wakatoka wakiimba: mtoto wa kiume, mzima. Inasemekana Asahel alilia, akawaambia amewaponza kwa jina lake baya, na Bi Submit akamjibu, "Jina gani? Sasa hivi ni jina la mtaa mzima. Kula keki."

Kifungu cha pili hakikuniachia nafasi. Niliandika maadui kumi na wanne. Hao wakarudi nyumbani wakapika, waume na watoto wakala, kwa hiyo wakashirikiana. Hao wakatoka wakasalimiana na wengine. Watu wakaanza kunisimamisha njiani. "Wee Karani, mbona mimi bado? Nimemsalimia mara mbili leo!" Mpaka Jumapili nilikuwa nimeshabandika majina mia mbili na kumi na nne, pamoja na mtoto mwenyewe, ambaye akiwa na umri wa siku nne alikuwa ameshaishi na baba yake muda wa kutosha. Wazalendo tulibaki watano.

Maisha ya mzalendo si lelemama. Shemasi hakuruhusiwa kusema na mkewe, na Bi Keziah alikuwa na heshima kubwa kwa sheria: alizungumza na mbwa. "Simba wangu," alimwambia mbwa mbele ya mumewe, "maharage na nyama ya nguruwe viko chunguni, vinamngoja adui yeyote mwenye njaa." Shemasi alihamia bandani na ng'ombe. Kinu kilisimama, maana kila mwenye mahindi alikuwa adui. Tukawa tunakula sote watano nyumba ya wageni, uji alioupika mwenye nyumba kwa mkono wake, na sitaueleza.

Aprili haijaisha, vita vikaanza kwelikweli. Kengele ilipolia, wanamgambo wetu arobaini walishika bunduki na kukimbilia Boston, Asahel akiwagawia kidogo kidogo baruti kwa kofia. Wote walikuwa maadui. Kamati iliandika masikitiko yake kwamba hawakuaga.

Wiki tatu baadaye alifika Kapteni Levi Haskett kutoka kambi ya jeshi letu nje ya Boston, na magari matatu ya ng'ombe. Uso wake ulikuwa na vumbi na macho mekundu kwa usingizi.

"Nimesikia mna baruti," alisema. "Kule vijana wana ya kupiga risasi tisa kila mmoja. Wakija kesho tutawarushia mawe. Iko wapi?"

"Hilo anajua Asahel Dunning," alisema Shemasi.

"Nani huyo?"

"Adui wa Nchi."

"Amejiunga na Mfalme?"

"La, hasha. Aliificha Mfalme asiipate."

Kapteni alitutazama mmoja mmoja. "Basi mwiteni."

"Hatuwezi kusema naye," nilifafanua. "Kifungu cha kwanza."

Alivuka barabara mwenyewe, akaingia karakana, na haikupita nusu saa mapipa yakaanza kutoka. Kumi na moja, yamefungwa upya, hupu mpya, hayana unyevu hata kidogo. Ile baruti ya kwenye kofia, kumbe, ilikuwa ya kuwindia ya Asahel mwenyewe. Alikuwa anayabingirisha kwa mkono mmoja, mtoto amemweka kwenye mkono wa pili, na mji mzima umesimama unatazama. Kapteni alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu. "Fundi," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "kuna watu kule watakuwa hai kwa sababu yako. Nitamwambia Jemadari jina lako, na nitalitaja vizuri." Asahel akainamisha uso kwenye nguo za mtoto. Bi Submit alikuwa anajifuta macho kwa aproni bila kujificha. Mimi pia nilijifuta, kwa mkono wa koti, na safari hii sikuwa na wino wa kusingizia.

Kisha Kapteni akaenda mlangoni pa jumba, akasoma azimio letu na majina yote mia mbili na kumi na nne. Alisoma polepole. Na hapo akakumbuka amri nyingine ya Jemadari, ambayo ilikuwa imempotea kabisa mpaka dakika ile.

"Mabwana," alisema, "baruti hii haiwezi kusindikizwa na mtu aliyeandikwa adui na kamati ya mji wake. Wazalendo safi tu. Na wakishafika wanabaki, kuchimba mahandaki, mpaka Boston ianguke. Mko wangapi?"

Kuku mmoja alipita.

"Watano," nikasema, kwa kuwa ndiyo ilikuwa hesabu.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka barabara. "Asahel! Ndugu yangu wa damu! Hujambo?"

"Sijambo," alisema Asahel. "Karibu kwa maadui."

"Mmesikia? Ameitikia! Karani, niandike!"

Nikaandika. Msagaji alikuwa ameshafika, ameagiza mapipa manne. Nikaandika. Bwana wa mashamba, ambaye hakuwahi kutoa hoja maishani, alitoa yake ya kwanza, kwamba Asahel ni kijana mzuri na siku zote amesema hivyo. Nikaandika. Shemasi akatembea, hatua moja moja, mbele ya watu wote aliowafundisha Biblia, akasimama mbele ya fundi wa mapipa na kuvua kofia.

"Habari za leo, Asahel."

"Sikusikii vizuri, Shemasi. Mtoto analia."

Mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Habari za leo, Asahel!" alipiga kelele Shemasi. "Na... na mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa Dunning," alisema Asahel. "Kama baba yake. Nzuri, Shemasi. Nenda nyumbani ukale."

Bi Keziah alimshika mumewe mkono. "Twende, adui wangu," alimwambia, "umekonda kama ufito." Nikaandika.

Nilipomaliza kukausha wino niliinua kichwa, nikakuta barabara nzima inanitazama. Nilikimbia. Niliangusha hata kofia. "Asahel! Hujambo! U hali gani! Naomba pipa! Naomba mapipa mawili!"

"Sijambo, Karani," alisema Asahel, bila chuki yoyote. Ningependa kuwe na chuki.

"Mmesikia wote!" nikapiga kelele. "Mimi adui!"

"Tumesikia!" mji mzima ulipaza sauti, mikono juu, watu mia moja na sabini na zaidi, na Shemasi akiwemo.

Kapteni Haskett alisogea karibu na mlango, akaweka kidole kwenye karatasi. "Kifungu cha nne," alisoma. "Ushahidi wa adui haupokelewi katika shauri lolote." Akawatazama mashahidi wangu, maadui wote, akanigeukia. "Mwandiko mzuri sana. Wa nani?"

Ripoti hii naiandika kambini, kwenye tope, chini ya turubai linalovuja. Barua kutoka nyumbani inasema mji umekaa mkutano bila tangazo wala ajenda, ukachana azimio, ukamchagua Asahel Dunning mwenyekiti, na kikao chake cha kwanza kilichukua dakika nane. Nimeandika malalamiko rasmi, lakini sijapata wa kumpelekea. Vijana wetu arobaini wa Hadlock wananijali sana, siwezi kusema uongo. Hawaniiti tena Karani. Wananiita Mzalendo, hasa wakati choo cha kambi kinapojaa na wanatafuta mtu wa kuchimba kingine.